Sikio la Kushoto

Daktari wa masikio alikuwa kijana mwenye viatu vizuri. Alinichungulia sikio moja, akachungulia la pili, akanifungia kwenye kachumba na kunivalisha vitu vya kusikilizia, kisha akarudi na karatasi yenye mstari unaoshuka. Akaniambia hakuna ugonjwa wa kutibu. Mishipa ya kusikia imechoka, mlio huo ni wa kudumu, na dawa hakuna. "Utazoea, mama," akasema, huku mkono wake umeshaanza kumwita mgonjwa anayefuata. Nilikuwa nimeamka alfajiri Babati, nimepanda basi mpaka Arusha, nimekaa foleni mpaka saa nane mchana, ili niambiwe neno moja ambalo hata muuza mchicha angeniambia bila kunipanga foleni. Nilitamani kumrushia faili lake.

Kilichonikera zaidi, na hili nililitambua ndani ya basi la kurudi, ni kwamba neno lile lilikuwa langu. Mimi ni nesi, tena mkunga. Enzi zile malaria ikitibiwa kwa dripu za kwinini, wagonjwa walikuwa wakilalamika kwamba masikio yanalia, nami nilikuwa nikipita kati ya vitanda nikiwaambia hiyo ni dawa, vumilieni, mtazoea. Sikumbuki kama niliwahi kuketi kando ya kitanda hata kimoja nikauliza yanalia vipi. Nilikuwa na haraka. Sasa nilikuwa nimekaa dirishani, mlio umenijaa kichwani, na hakuna hata dripu ya kusingizia.

Mlio ulianza siku ya kawaida kabisa. Nilikuwa nyumbani kwangu Bagara, Jumamosi, nafua, nikasikia birika linakaribia kuchemka. Niliacha nguo nikaenda jikoni kulizima, nikakuta jiko limepoa na birika liko kabatini. Nikarudi kufua. Baada ya muda nikaenda tena. Mara ya pili ndipo nilipogundua kwamba birika liko ndani ya sikio langu la kushoto, linakaribia kuchemka na halichemki. Nikajiambia ni kitu cha siku tatu. Miezi minne baadaye likawa limehamia na upande wa kulia, japo huko lilikuwa dogo.

Watu wa mji wetu wana huruma, na huruma yao ilikaribia kunitia wazimu. Mwenye duka la jirani, mzee wa Kiislamu ambaye nimenunua kwake sukari tangu wanangu wadogo, alinipa kichupa cha mafuta ya habasoda akanielekeza matone mangapi kila jioni. Akina mama wa kanisani walikuja kuniombea, wakanishika kichwa wote kwa pamoja, na mmoja aliomba kwa sauti kubwa karibu kabisa na sikio lile lile. Wifi yangu alisema sikio likilia ujue kuna mtu anakusema. Nikamwambia kama ni kusemwa basi Babati nzima imeacha kulima mahindi inanisema mimi, asubuhi hadi jioni, bila kupumzika hata kunywa chai. Hakucheka. Nami sikuwa nimetania.

Mafuta niliyatumia mpaka yakaisha. Maombi niliyaitikia amina. Mlio ukabaki pale pale.

Nyumbani ningeweza kuuvumilia. Nilinunua redio ndogo, nikawa naiacha inaongea peke yake, kwa kuwa kukiwa na sauti nyingine mlio ule unarudi nyuma kidogo. Kazini ndiko kulikokuwa na shida, na sikutaka mtu yeyote aijue.

Ninafanya kazi kwenye zahanati moja pembezoni mwa mji. Sitaitaja. Siku za kliniki ya wajawazito benchi la kibarazani linajaa tangu saa moja, wengine wametoka Singe, wengine Bonga, wengine huko mashambani zaidi wakiwa wamepakiwa kwenye pikipiki na tumbo la miezi nane. Kila mmoja anapimwa uzito na presha, halafu anaingia kwangu. Hapo ninampapasa tumbo mpaka nipate mgongo wa mtoto, ninaweka fetoskopu, ile ya mti iliyo kama tarumbeta fupi, ninainama na kuweka sikio, kisha ninahesabu mapigo ya moyo. Moyo wa mtoto aliye tumboni haupigi kwa kelele. Unasikika kwa mbali sana, kama saa ya mkononi iliyofungwa ndani ya mto. Mkunga anatakiwa aufuate huko uliko.

Mimi nilikuwa naufuata kuliko wote. Nilikuwa na sifa. Madaktari walinifuata niwasikilizie, na wanafunzi wa chuo walipoletwa kwa mazoezi ilikuwa lazima wapite mikononi mwangu. Tulipoletewa kile kimashine cha betri ambacho ukikigusisha tumboni chumba kizima kinasikia moyo wa mtoto, nilikiangalia kwa dharau. Niliwaambia wenzangu kwamba nesi anayetegemea kidude hataijua kazi. Nikakifungia kabatini, na ufunguo nikaukalia mimi.

Basi fikiria mtu wa namna hiyo anainama, anaweka sikio kwenye mti, na anachosikia ni birika.

Nilihamia sikio la kulia. Kwa miezi michache lilinisaidia, nikawa nabana pumzi, nafumba macho, naupata moyo kwa shida kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi. Baadaye nalo likakataa. Mara mbili, na haya siyasemi kwa fahari, niliandika kwenye kadi ya mama namba ambayo sikuisikia. Wale watoto wote wawili walizaliwa wazima, nilifuatilia. Lakini nilikuwa nikiwaona mama zao sokoni nageuza njia.

Ningeweza kusema. Ilikuwa ni kwenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wetu pale zahanati, kijana mstaarabu tu, na kumwambia masikio yangu hayafai. Au ilikuwa ni kufungua kabati na kutoa kile kidude. Nilishindwa vyote viwili. Kukitoa kingekuwa ni kukiri mbele ya watu niliowasimanga miaka yote. Nikatafuta njia ya tatu, na nilipoipata nilijiona mwerevu.

Tulikuwa tumeletewa nesi mpya, binti aliyemaliza chuo mwaka uliotangulia. Mpole, mwenye adabu, anayekusalimia shikamoo hata kama mmeachana saa moja iliyopita. Nikamwambia kuanzia sasa nitamfundisha kusikiliza kwa sikio kama tulivyofundishwa sisi. Kila mama akilala kitandani, mimi nitapapasa, nitamwonyesha pa kuweka fetoskopu, yeye atasikiliza na kunitajia namba. Mimi nitaandika. Nilimwambia akikosea nitajua.

Alifurahi maskini. Alidhani amechaguliwa. Kila siku ya kliniki aliinama, akahesabu, akataja, "Mia na thelathini na sita, mama," nami nikatikisa kichwa polepole kama mtu aliyekuwa anaijua namba hiyo tangu jana. Siku nyingine, ili nisishtukiwe, nilimwambia rudia. Alirudia huku jasho linamtoka. Niliigiza ualimu hivyo kwa karibu nusu mwaka. Na kwa kuwa nilikuwa na hasira na mlio ule tangu naamka, hasira yote nilimmalizia yeye. Akichelewa kidogo kupata moyo nilimwuliza chuoni alikwenda kusoma au kusuka nywele. Nilisema hayo mbele ya wagonjwa.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, kiangazi, vumbi lililoshuka upande wa mlima Kwaraa limejaa mpaka kwenye madirisha. Kwenye saa nne aliingia mama mmoja mwenye mimba ya tatu, imebaki wiki mbili ajifungue. Nilimfahamu, alikuwa amehudhuria kwangu kliniki zote. Ni mkulima, mwanamke wa maneno machache. Akapanda kitandani. Nikapapasa, nikaonyesha, binti akainama.

Alikaa muda mrefu. Akahamisha fetoskopu, akainama tena. Nikaanza kupumua kwa nguvu ili ajue nimechoka kusubiri. Akainuka, hakuniangalia usoni.

"Mia na arobaini, mama."

Nikaandika mia na arobaini. Nikamwambia yule mama ashuke, aende, arudi wiki ijayo. Akashuka, akafunga khanga yake, lakini hakutoka. Alisimama mlangoni. Nikamwuliza kuna nini tena. Akasema mtoto hajacheza tangu jana asubuhi.

Nilimfokea. Nilimwambia mbele ya binti na mbele ya wanaosubiri mlangoni kwamba amesikilizwa, moyo unapiga mia na arobaini, hakuna moyo mzuri kuliko huo, na kwamba mtoto akikua nafasi ya kuchezea inapungua. Yote hayo nilikuwa nikiyajua kuwa si jibu. Mama akisema mtoto hachezi, kazi moja tu inafuata, nayo ni kusikiliza upya na kusikiliza sana. Nimewafundisha watu hilo. Lakini ningesikiliza kwa sikio lipi?

Ndipo nikamtazama binti. Alikuwa anaikunja pembe ya aproni yake, anaikunjua, anaikunja.

Nikamwuliza kama alisikia au hakusikia. Akaikunja tena ile pembe. Nikauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, na nafikiri ni sauti hiyo ndiyo iliyomtisha.

"Sikusikia, mama. Niliogopa. Nilijua wewe ukipapasa tu unajua, ungenisahihisha."

Miezi sita yeye alinitegemea mimi na mimi nilimtegemea yeye, na kwenye tumbo lile kulikuwa na mtoto ambaye hakuna aliyemsikia. Nilishika ukingo wa meza. Nikasema kwa mara ya kwanza, mbele ya watu, kwamba mimi sisikii. Nilisema, "Hata mimi sisikii. Sisikii kitu tangu mwaka jana." Binti alinitazama kana kwamba nimevua nguo.

Tukampandisha mama tena. Nikafungua kabati, nikatoa kile kidude, nikakiwasha, hakikuwaka. Betri hazikuwemo. Nilizitoa mimi mwenyewe, wiki tatu nyuma, nikaziweka kwenye redio yangu ndogo ambayo siku hizo nilikuwa naibeba mpaka kazini. Ilikuwa juu ya meza ya dawa, inasoma bei za mazao kwa sauti ya chini, ili mimi nisisumbuliwe na mlio. Niliibomoa kifuniko kwa kucha, nikahamishia betri kwenye kidude.

Moyo ulisikika. Sote watatu tuliusikia, na mimi nikiwemo, maana chombo kile kina sauti kubwa. Ulipiga, ukapiga, kisha ukazubaa, kama mtu anayepanda mlima na kusimama. Binti alihesabu. Themanini na nne. Akahesabu tena, akapata chini ya hapo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka na yalifanywa vizuri, kwa kuwa hapo hapakuhitajika masikio. Mganga mfawidhi alipiga simu, gari likapatikana, nikamlaza mama kwa ubavu wa kushoto, nikapanda naye. Njia nzima alinishika kifundo cha mkono. Hospitalini walimwingiza chumba cha upasuaji moja kwa moja. Mimi nilibaki kwenye korido, bila redio, na mlio ulipanda mpaka nikahisi meno yanauma. Niliuchukia siku ile kuliko siku yoyote. Niliuchukia kama mtu. Nilikuwa nangoja sauti moja tu duniani, sauti ya mtoto kulia nyuma ya mlango, na nilijua kwamba hata akilia huenda nisimsikie. Nesi wa pale ndiye aliyekuja kunigusa bega. Mtoto wa kike, amechelewa kulia, wamemsaidia kupumua, sasa analia. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni mara mbili.

Nilirudi zahanati na bajaji jioni ile, nikaenda ofisini kwa mganga mfawidhi, nikamwambia kila kitu. Namba mbili za kubuni, ualimu wa uongo, betri. Nilitaka anigombeze. Nilitaka kwa kweli mtu mmoja anifokee vizuri. Akavua miwani, akafuta, akaniambia kwa upole tuyamalize, mama, mtoto ni mzima, na wewe umebakiza miaka mitatu ustaafu. Akasema pia kwamba haraka yangu ndiyo iliyomwokoa mtoto. Nilipandwa na hasira hivi kwamba nilimwambia kama hataki kuandika taarifa nitaandika mwenyewe. Nikaandika barua usiku huo, nikampelekea asubuhi. Sasa hivi kazi ya kusikiliza ni ya binti, kwa kimashine, na mwenzake anarudia. Ninapapasa matumbo na kuzalisha, kwa maana mikono yangu haijanisaliti. Betri nanunua mimi, za kidude mbali, za redio mbali.

Binti nilimwomba radhi. Sikujua maneno ya kutumia, maana sina mazoezi. Nilimwambia tu kwamba alipoogopa kosa lilikuwa langu. Akasema haina shida, mama, akaendelea kupanga kadi. Nilitamani aseme ina shida.

Kuzoea sijazoea, kama kuna anayetaka kujua. Nimejipanga tu. Mtu akiniambia kwa sauti ndogo ninamwambia rudia, sisikii vizuri, na neno hilo bado linanikwama kooni kila mara kama mwiba wa samaki. Najua nikichoka mlio unapanda, najua nikikaa kimya unapanda, najua nikiukasirikia unapanda zaidi, nami naukasirikia. Wanaosema wamefanya amani na mlio wao wabaki na amani yao.

Ila kuna jambo moja lililonibakia, na hilo nilitaka kulimaliza. Yule mama alikuwa anaeleza watu kote mashambani kwao kwamba nesi wa zahanati ile ana masikio makali, kwamba alisikia hatari ambayo mwingine asingeisikia. Watu walinipongeza njiani. Mmoja alinipungia mkono kutoka upande wa pili wa barabara ya Dodoma. Kila pongezi ilinichoma, na niliapa atakapomleta mtoto kuchanjwa nitamwambia ukweli wote, hata kama ataniita muuaji.

Mama yule alikuja mtoto akiwa na miezi miwili na nusu. Amenawiri, mashavu yamejaa, amefungwa mgongoni. Nilimwita ndani, nikafunga mlango, nikamketisha. Nikamwambia siku ile sikusikia kitu. Nikamwambia hata kliniki za kabla sikusikia, kwamba nilikuwa namtumia binti, kwamba nusura mwanawe afe kwa sababu ya kiburi changu. Nilisema yote bila kupumzika. Aliniangalia kwa utulivu, akamhamisha mtoto kutoka mgongoni na kumpakata.

"Najua, nesi," akasema. "Wote tunajua. Pale kwenye benchi mwenye mimba ya kwanza huwa tunamwelekeza, ukiingia kaa upande wake wa kulia, sikio la kushoto halisikii. Ile sifa naieneza ili usiondolewe. Mikono yako ni mizuri."

Benchi zima. Wanawake wa Singe na Bonga wakisogezana na kupeana maelekezo kuhusu sikio langu, mwaka mzima, huku mimi nikificha. Nikamwuliza, ikiwa walijua, kwa nini hakuna hata mmoja aliyeniambia. Siku ile mtoto wake hachezi, kwa nini yeye mwenyewe hakuniambia nesi, wewe husikii, tafuta mwingine asikilize?

Alimfuta mtoto mdomo kwa pembe ya khanga.

"Tungekuambiaje? Unafoka."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumfokea.